Silabi Niliyomnyima Kaka Yangu

Marehemu kaka yangu aliacha madaftari matatu ya mashairi, yote yameandikwa kwa penseli. Wino, alikuwa akisema, ni wa watu wenye hakika. Alipofariki, wanawe waliniletea madaftari hayo yakiwa yamefungwa kwa kitambaa, wakanambia: "Shangazi, wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili, na ndiye uliyeuzoea mwandiko wa baba." Nikaahidi kuyanakili yote kwa mkono, kisha mjukuu wangu ayapige chapa. Sikuwa na shaka juu ya kazi hiyo. Tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu nimesahihisha insha za watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na miandiko niliyoisoma ingemshinda hata mganga.

Nilipofika katikati ya daftari la pili nilianza kuona kasoro. Mishororo iliyopaswa kuwa na mizani kumi na sita ilikuwa na kumi na tano. Mahali pengine kituo kilikuwa kama kimeandikwa nusu kikaachwa. Nilisikitika. Nikadhani kaka alikuwa ameanza kuchoka, au maradhi yake ya mwisho yalikuwa yameshaanza kumwibia hesabu. Kwa mapenzi, na kwa kiburi cha ualimu, nikaanza kumsahihisha. Palipopungua silabi nikaongeza "na". Palipopungua mbili nikaweka "pia" au "sana". Nilitia alama ndogo ya nyota pembeni ili nijue mkono wangu umepita wapi. Namshukuru Mungu kwa alama hizo.

Siku moja mjukuu wangu, binti wa kidato cha tatu, aliketi kando yangu akilinganisha nakala na daftari. Alifika kwenye mshororo niliounakili hivi: "Ndoo niliithamini, na maji yalimwagika." Akasoma daftari, akanitazama, akasoma tena.

"Bibi, hapa Babu hakuandika 'na maji yalimwagika'. Ameandika 'maji yalipomwagika'."

Nikalichukua daftari, nikalisogeza, nikalirudisha nyuma. Sikuiona ile "po". Niliona "yali", kisha pahali pa ukungu ambapo mstari wa karatasi wenyewe ulikuwa umepinda kama unyasi uliokanyagwa, kisha "mwagika". Binti akaweka kidole chake pale pale penye ukungu, akasema, "Ipo, Bibi. Imefifia, lakini ipo."

Wapenzi wa lugha mtaliona kosa langu mara moja. Kaka alisema kwamba aliithamini ndoo pale maji yalipomwagika, yaani alijua thamani ya kitu baada ya kukikosa. Mimi nilimfanya aseme kwamba aliithamini ndoo, na maji nayo yakamwagika, kama mtu anayelalamikia bahati mbaya. Mizani ilitimia, hekima ikatoka. Na mizani ya kaka haikuwa imepungua hata siku moja. Kilichopungua kilikuwa jicho langu.

Jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho ambaye nimemwahirisha kwa miaka miwili, kwa hiyo nilikuwa nikisomea la kushoto. Kwanza nilikwenda kununua miwani mipya, nikadhani imenisaidia kwa sababu nimeilipia. Mistari iliendelea kupinda. Ndipo wanangu waliponipandisha basi la Dar es Salaam, nikaenda kwa daktari wa macho.

Daktari alikuwa kijana, analingana na mwanangu wa mwisho. Aliniamkia vizuri, akanitia matone ya kupanua mboni, akaniangalia kwa taa yake kwa muda mrefu. Kisha akataja jina refu la Kiingereza, akatua, akalitafuta la Kiswahili. "Mama, mshipa umeziba. Na kuna uvimbe nyuma ya jicho."

Naomba niseme kidogo juu ya maneno hayo mawili, maana yalinitesa kuliko sindano zote zilizofuata.

Mshipa upi? Katika Kiswahili chetu neno hili limebebeshwa mizigo mingi mno. Kuna mshipa wa damu na kuna mshipa wa fahamu. Kuna mshipa ule ambao wazee wa Pwani huutaja kwa sauti ya chini, ugonjwa wa wanaume. Hata mtu asiye na haya husemwa amekatika mshipa wa aibu. Mgonjwa akiambiwa mshipa umeziba, hajui kama ameambiwa habari za damu, za ubongo au za tabia. Vitabu vya sayansi vya shule ya msingi vilitufundisha ateri, vena na kapilari, na watoto waliyakariri maneno hayo bila taabu. Lakini wakiingia sekondari sayansi yote hugeuka Kiingereza, na maneno yale hubaki nyuma pamoja na sare za zamani. Daktari wangu alikuwa ameyasahau. Nilipomuuliza, "Ni ateri au vena, mwanangu?" alicheka kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni. "Vena, Mama. Tawi la vena."

Neno la pili lilikuwa "uvimbe". Kiswahili hutumia neno hili kwa mguu uliojaa maji, na hulitumia pia kwa kile kinyama kiotacho tumboni ambacho mwisho wake tunaujua. Shangazi yangu alikufa kwa uvimbe. Kwa hiyo daktari aliposema kuna uvimbe nyuma ya jicho, mimi niliacha kumsikiliza. Alipofika kwenye matibabu na kusema kwamba dawa moja wanayoitumia ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana, nilikuwa nimekwisha kujizika. Ilimbidi arudie mara tatu: hapana kinyama kilichoota, ni majimaji yaliyovuja na kujaa ndani ya utando. Laiti angalisema jicho limefura, ningalielewa mara ya kwanza. Kufura ni kwa kitu kilichojaa, na kilichofura huweza kunywea.

Baada ya hofu kutulia alinieleza, na maelezo yake nayaweka hapa kwa kuwa yanafaa kujulikana na kila mwenye umri wangu. Nyuma ya jicho pana utando unaopokea nuru, uitwao retina. Ateri huuletea damu, vena huirudisha. Mishipa hii miwili hupishana mahali pengi, na kwenye makutano hayo hushiriki ala moja, kama nyaya mbili zilizopitishwa katika mrija mmoja. Ateri ikikakamaa kwa umri na kwa shinikizo la damu, humkandamiza mwenzake. Vena ni laini, haina ubishi. Hujikunja, damu ndani yake huzubaa, kisha huganda. Damu inaendelea kuletwa lakini haina pa kurudia. Ni sawa na mto uliozibwa chini: maji hurudi nyuma, hupanda kingo, hufurika mashamba. Katika jicho mashamba hayo ni retina, na shamba lenye thamani kuliko yote ni kitovu chake, makula, ambacho ndicho tunachosomea.

Aliniuliza kama nina shinikizo la damu. Ninalo. Aliniuliza kama ninameza dawa kila siku. Hapo mwalimu mstaafu aligeuka mwanafunzi aliyekuja darasani bila daftari. Nilikuwa nikimeza nikijisikia vibaya, na nikijisikia vizuri nikizipumzisha. Hakunigombeza. Aliandika tu, na kule kuandika kwake kimya kuliniuma kuliko kugombezwa.

Tawi lililoziba lilikuwa la upande wa juu wa retina, lakini ukungu niliuona upande wa chini. Nilimwuliza sababu, akanikumbusha kwamba lenzi ya jicho hupindua taswira: retina ya juu huona vya chini. Ndiyo maana niliposoma mshororo mmoja, ule uliokuwa chini yake ulipinda. Kumbe kwa miezi kadhaa kila kituo cha kaka yangu kilikuwa kikipita katika giza.

Kisha tukaenda kupiga picha.

Picha ya kwanza ilihitaji rangi. Nilichomwa sindano mkononi, rangi ya manjano ikaingia katika damu, na kwa muda mfupi tu ikawa imefika jichoni. Mpiga picha alimulika kwa nuru ya samawati, na rangi ile iking'ara kijani ndani ya mishipa akaipiga picha moja baada ya nyingine. Walioifanya kazi hii kwa mara ya kwanza na kuitangaza, mwaka 1961, walikuwa wanafunzi wawili wa udaktari huko Indiana, Marekani, Harold Novotny na David Alvis. Na jicho la kwanza kupigwa lilikuwa la Alvis mwenyewe. Kabla yao, tangu mwaka 1851 Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipotangaza kifaa chake cha kutazamia ndani ya jicho, madaktari waliiona mishipa lakini hawakuweza kuiona damu ikisafiri ndani yake.

Nilionyeshwa picha zangu. Mishipa mizima ilikuwa myembamba na safi kama mistari ya penseli iliyochongwa vizuri. Upande wa juu vena ilikuwa imenenepa na kujipinda kama mzizi, na kando yake mng'aro ulienea bila mpaka, kwa kuwa rangi ilikuwa ikivuja. Ngozi yangu ilibaki na umanjano siku ile nzima, na mkojo ulikuwa wa rangi ya machungwa hadi kesho yake. Mjukuu alinitania kwamba nimeiva.

Picha ya pili haikutaka sindano. Niliweka kidevu juu ya kibao, nikatazama alama ndogo, nikaambiwa nisipepese. Mashine hii hutumia nuru peke yake. Babu yake ilitangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Massachusetts: mashine inayosoma mwangwi wa nuru na kuchora retina kwa ubavu, tabaka juu ya tabaka, kama mtu aliyekata mkate akautazama ndani. Kwa picha ya ubavu niliuona ule mfuro. Pale penye kitovu, ambapo pana kawaida ya kuwa na kibonde kidogo, palikuwa na kilima, na ndani ya kilima vishimo vyeusi vilivyojaa maji.

Lakini mashine mpya hufanya zaidi. Hupiga mahali pale pale mara kadhaa katika kufumba na kufumbua, kisha hulinganisha picha hizo. Kisichobadilika ni nyama, huachwa. Kilichobadilika ni chembe za damu zilizokuwa njiani, na hicho tu ndicho kinachochorwa. Fikirini, malenga wenzangu: mashine ile haiuchori mshipa, inachora mwendo. Kwa njia hiyo huonyesha kapilari nyembamba kabisa bila tone la rangi, na huzitenganisha zilizo juu na zilizo chini, jambo ambalo picha ya rangi haliwezi. Daktari alisema katika ugonjwa wangu zile za chini ndizo huumia zaidi.

Akanionyesha kitovu. Katikati ya jicho zima, pale tunaposomea, hapana mshipa hata mmoja. Ni kiduara cha upana wa kama nusu milimita, kimezungukwa na pete ya kapilari. Ndivyo kilivyoumbwa, ili nuru ifike bila kizuizi. Katika jicho langu pete ilikuwa imekatika upande wa juu, na kiduara kile cheusi kilikuwa kimemomonyoka na kuungana na weusi mwingine mkubwa.

Nilimwuliza, "Je, hapo pote mishipa imekufa?"

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alisema: "Sijui bado, Mama. Na sitaki kukwambia imekufa kwa picha hii."

Akanifafanulia. Weusi katika picha ile unaweza kuwa na sababu nyingi. Huenda kapilari zimefungwa kweli. Huenda zipo, lakini damu ndani yake inakwenda polepole mno, na mashine inayochora mwendo haioni kitu kinachojikokota. Huenda damu iliyomwagika juu yake imetia kivuli. Huenda pana kishimo cha maji kilichozisukuma kando. Tena tabaka zilizofura huhama mahali pake, na mashine, ambayo imefundishwa kukata mkate katika kina fulani, hukata pasipo penyewe na kuleta picha ya tabaka nyingine. "Jicho likiwa limefura," alisema, "picha ni ya kweli, lakini usomaji wake unaweza kuwa wa uongo. Tuondoe maji kwanza, kisha tusome tena."

Nilinyamaza. Niliyaona madaftari ya kaka, na nyota zangu ndogo pembeni. Kijana huyu, akiwa na mashine ya mamilioni mbele yake, aliona pahali peusi akakataa kuandika kwamba hapana kitu. Mimi, kwa penseli iliyofifia na jicho lililofura, niliandika kwa wino.

Nilichomwa sindano tatu, moja kila mwezi. Najua kinachowaogopesha wasomaji, kwa hiyo nisiwafiche: sindano huingia ndani ya jicho lenyewe. Lakini jicho hutiwa ganzi, na nilichosikia ni msukumo, kisha vidoa vyeusi vikielea kama mbegu za mpapai katika maji. Usiku wa kabla ya ile ya kwanza sikulala. Usiku wa kabla ya ya tatu nililala kama mtoto. Na dawa za shinikizo la damu sasa nazimeza kila asubuhi, mjukuu akiwa shahidi.

Baada ya sindano ya tatu tulipiga picha tena, na daktari akaziweka mbili kando kwa kando. Kilima kilikuwa kimenywea, kibonde kimerudi. Na katika ule weusi mkubwa wa mwanzo, nyuzi zilikuwa zimejitokeza. Hazikuota upya, nyingi zilikuwapo siku zote, zimefichwa na maji. Palikuwa pia na vijia vipya vya pembeni, damu ikijitafutia njia ya kulizunguka ziwa. Lakini sehemu moja, upande wa juu wa kitovu, ilibaki nyeusi kama ilivyokuwa. Daktari aliigusa kwa kalamu yake. "Hii, Mama, sasa naweza kukwambia. Hii imekwenda." Atanitazama mara kwa mara, maana mahali palipokosa damu huweza kuita mishipa mibovu inayovuja, na maji yenyewe huweza kurudi.

Sikulia. Ukweli uliosemwa kwa wakati wake hauhitaji kulilia sana. Leo nasoma. Chini ya kila mstari kuna kipande cha kivuli, chembamba, nacho nimekizoea; nikikifikia nasogeza karatasi.

Kazi ya kwanza niliyoifanya niliporudi nyumbani ilikuwa kuzifuata zile nyota. Zilikuwa 23. Nilikaa na mjukuu, yeye akisoma daftari, mimi nikisoma nakala. Katika nyota 17 kaka alikuwa ameandika sawasawa, na kosa lilikuwa la jicho langu. Katika 4 alikuwa amekosea kweli, kama binadamu wengine, na nimeyaacha makosa yake yalivyo. Mbili zilibaki. Hapo penseli imefutika kabisa. Hata macho ya miaka kumi na sita hayakuona kitu. Nilishawishika. Najua kaka angeweza kusema nini pale, nazijua silabi zinazotosha. Lakini nimeacha nafasi nyeupe, na pembeni nimeandika: "Hapasomeki."

Nawaomba wasomaji mambo mawili. La kwanza ni kwa walio na miaka hamsini na zaidi: fumbeni jicho moja msome mstari, kisha fumbeni la pili msome tena. Mstari ukipinda au ukiwa na ukungu, nendeni kwa daktari wa macho, wala msipite kwanza dukani kwa miwani. La pili ni kwa mafundi wa istilahi. Tuwape madaktari wetu neno la maji yaliyojaa katika utando, lisilomtisha mgonjwa kwa kaburi. Mimi napendekeza "mfuro". Mwenye bora zaidi alete, tulipime.

Nami, kwa kuwa kaka yangu hawezi tena kunijibu kama tulivyozoea kujibizana, namwachia ubeti huu mmoja:

Penye giza nalikana, nikasema hapasemi,
Kumbe neno la maana, limekaa, halihami,
Leo nakiri bayana, mkosaji kumbe mimi,
Sitajaza nisoona, pengo nalo ni usemi.